Chujio la Mlinzi wa Jeppestown

Wewe unayenisikiliza, vuta kiti. Nataka kukusimulia juu ya mtu aliyenifundisha kazi, wakati nilidhani mimi ndiye ninayemfundisha yeye.

Nilikuwa fundi wa mtandao katika kampuni ndogo pale Sandton. Tulikuwa na minara michache ya intaneti, na mmoja ulikuwa mtaa wa Diepsloot, juu ya paa la spaza, yaani kiduka cha mtaani, ya Mrundi mmoja. Huo ndio uliohudumia zahanati ya jirani. Mtu huyo, mwenzangu kazini, alitoka Lubumbashi. Kwa miaka alikuwa amelinda lango la karakana huko Jeppestown, akisoma kompyuta siku zake za mapumziko, hadi tukamchukua kwa majaribio ya miezi mitatu aangalie taarifa za vifaa. Akifaulu, angeajiriwa. Akishindwa, angerudi langoni. Mimi aliniita yaya, neno la kwao la kumheshimu dada mkubwa, ingawa nilimzidi miaka miwili tu.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Kila kifaa kilicho mnarani kinaweza kukuletea habari za yanayokipata. Huna haja ya kukiuliza kila dakika, unajiandikisha kwake mara moja, kana kwamba unakiambia, "Likitokea jambo, nijulishe hapa." Shida ni kwamba kifaa hakijui kufupisha. Mgawo wa umeme ukianza, kinasema umeme umekatika, kinasema kimehamia kwenye betri, kinasema kifaa jirani hakionekani. Umeme ukirudi, kinayasema yote upya. Zidisha hayo kwa kila kifaa cha kila mnara. Ndiyo maana tunaweka chujio, linaloamua taarifa ipi ipite na ipi ibaki huko huko.

Nilimwonyesha chujio langu kwa fahari. Kila taarifa huja na daraja lake: ya kawaida, onyo, au hatari. Niliruhusu zipite za hatari peke yake, na kioo cha kompyuta kikatulia kama maji mtungini. Meneja akanisifu. Mwenzangu alikitazama kioo, akaniuliza kama kweli vifaa vyote bado viko hai. Nikacheka, nikamwambia azoee utulivu.

Jumanne moja asubuhi zahanati ikapiga simu. Hawakuwa na mtandao tangu walipofungua milango, na wagonjwa walikuwa wamepanga foleni wakisubiri mafaili yao yafunguke. Kwenye kioo chetu hapakuwa na mstari hata mmoja. Meneja aliona jambo moja tu: mtu alikuwa amekaa mbele ya kioo na hakuona kitu. Akasema eish, mlinzi amelala zamu, na majaribio yake yataishia Ijumaa, arudi langoni.

Mwenzangu hakubishana. Mrundi alipokiwasha kifaa kwa jenereta yake, aliniomba tufungue kumbukumbu zinazobaki ndani ya kifaa chenyewe. Tukaikuta: umeme ulipokatika usiku, betri ilikuwa imelia kwamba inakwisha, tena mara kadhaa, kabla ya kuzimika kabisa. Lakini ilikuwa imelia kwa daraja la onyo, na chujio langu lilikuwa limeitupa taarifa hiyo.

"Yaya," akasema taratibu, "nani aliamua hii ni ndogo? Ni sisi, ao ni ule aliitengeneza kule kiwandani?"

Ni yule wa kiwandani aliyeamua. Naye hakujua kwamba Diepsloot kuna zahanati.

Nilikwenda kwa meneja nikamwambia kosa ni langu. Akasikiliza, lakini Ijumaa hakuiondoa. Akasema mgawo mwingine ungekuja kabla ya siku hiyo, na hapo tungeona.

Jumanne hiyo hiyo mwenzangu alitoa daftari. Pale langoni, alinieleza, mlinzi huandika kila saa kwamba hali ni shwari, na msimamizi akikuta saa iliyoachwa wazi huja mbio. "Mlinzi akinyamaza si amani, yaya. Pengine amefungwa kamba." Basi akapanga kila kifaa kitoe taarifa ya uzima kila robo saa, na kisipotoa, kioo kituambie. Kisha akaorodhesha kila aina ya taarifa, moja moja, na mbele yake akaandika ni nani atakayeumia tusipoiona. Palipokosekana jina, aliichuja. Kukatika kwa umeme kukachujwa, maana betri ipo. Betri kwisha ikapita, haidhuru daraja lake. Nimefanya kazi na mafundi wenye vyeti vya kujaza ukuta, na sijaona aliyeianza kazi hii kwa kumfikiria mtu atakayeumia.

Alhamisi adhuhuri umeme ukakatika. Kioo kilibaki kitulivu. Baada ya muda ukatokea mstari mmoja: betri ya Diepsloot inakwisha. Mwenzangu alikuwa ameshashika simu, akimsalimia Mrundi kwa upole kana kwamba hana haraka, akimwomba awashe jenereta. Zahanati haikujua kwamba kulikuwa na jambo.

Meneja aliusoma mstari ule, akasema "sharp," yaani safi kabisa, akaondoka. Ijumaa ikafika, na alichopewa mwenzangu ni barua ya ajira. Daftari lake bado liko mezani petu.

Nawe, kabla hujanyamazisha taarifa yoyote ya kifaa, chukua karatasi, iandike, na mbele yake andika jina la atakayeumia isipofika. Kama jina lipo, iache ipite.