Honi ya Saa Kumi na Mbili Kasorobo

Kwa miaka thelathini na mmoja Jerko Mardešić alifunga na kufungua kamba za kivuko katika gati la kisiwa cha Trstovo. Alipostaafu hakuna aliyeona tofauti, kwa kuwa kila kivuko kilipoingia bado alishuka gatini, mikono ameifunga nyuma, kuangalia kama kazi inafanywa ipasavyo. Muda wake uliosalia aliutoa kwa Galeb, klabu ya mpira ya kisiwa. Yeye ndiye aliyekuwa kocha, yeye ndiye katibu, na kila Ijumaa yeye ndiye aliyepiga chokaa mistari ya uwanja, maana hakumwamini mtu mwingine yeyote kupiga mstari ulionyooka.

Mwaka huo, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, alifika mahali ambapo hakuna katibu wa Galeb aliyewahi kufika. Mchezo mmoja tu ulikuwa umebaki katika ligi ya mkoa, nao ungechezwa nyumbani, dhidi ya Kamenjar, timu ya kijiji cha wafugaji wa kondoo na wakulima wa tumbaku kilichoko nyuma ya mlima, upande wa bara. Kamenjar walikuwa mbele kwa pointi mbili. Wao sare iliwatosha. Galeb ilibidi ishinde. Atakayemaliza wa kwanza angepanda daraja, wa pili angebaki palepale alipokuwa.

Kupanda kwenyewe kulikuwa na masharti. Tangu Machi Jerko alikuwa na barua ya chama cha mpira, kurasa mbili, ambayo aliisoma mara nyingi kuliko alivyopenda mkewe Antica ajue. Klabu ya daraja la juu ilitakiwa iwe na timu ya watoto, na shule nzima ya Trstovo ilikuwa na wanafunzi kumi na tisa, wasichana wakiwemo, watatu kati yao wakivaa miwani mizito. Uwanja ulitakiwa uongezwe mita nne, na upande wa kuongeza ulikuwa na ukuta wa mawe uliojengwa na watu ambao warithi wao, wenye haki ya kukubali au kukataa, wametapakaa hadi Chile. Tena michezo ya ugenini ingechezwa mbali, pwani nzima, Jumapili jioni, wakati ambapo kivuko cha mwisho kimekwisha kuondoka. Hii ilimaanisha kwamba kila baada ya wiki mbili kisiwa kingeamka Jumatatu bila mwokaji mikate, bila tarishi na bila fundi wa umeme, kwa sababu Pave mwokaji mikate ndiye aliyekuwa kipa, na hao wengine wawili ndio mabeki.

Upande mwingine wa mizani alikuwako Tonči. Tonči alikuwa mshambuliaji, umri wa miaka ishirini na sita, mabao ishirini na moja msimu huo. Alikwisha kusema waziwazi: Galeb ikipanda, atabaki; isipopanda, atakwenda kuchezea klabu moja ya bara iliyokwisha kumtafutia na kazi.

Jumapili ya mwisho ya Mei kivuko cha mchana kiliwashusha Kamenjar, watu ishirini na wawili, wengi wao wakiwa na rangi ya maembe mabichi. Kocha wao, Mijo Grubač, bonge la mtu mwenye mikono ya kuchinja kondoo, alishuka akiwa ameshika ukuta wa chuma wa kivuko kana kwamba ndiye anayeuzuia usianguke.

"Nyinyi Waboduli mnaishi hivi kila siku?" aliuliza. Hilo ndilo jina ambalo watu wa bara huwaita watu wa visiwani wanapotaka kuwachokoza.

"Leo bahari imetulia, kaka," Jerko alijibu. "Ngoja uione ikikasirika."

"Imetulia! Kipa wangu ameacha chakula cha juzi huko baharini."

"Basi samaki wetu wamepata kula nyama ya kondoo. Karibuni."

Aliwapandisha hadi uwanjani, mwendo wa dakika kumi katikati ya misonobari, na akiwa njiani aliwaeleza desturi ya mahali. Katika uwanja wa Trstovo, kwa miaka ishirini na zaidi, hakukuwa na dakika za nyongeza. Mchezo huanza saa kumi kamili. Kivuko cha jioni huondoka saa kumi na mbili, na saa kumi na mbili kasorobo hupiga honi ya kuwaita abiria. Dakika tisini huwa zinaishia hapohapo, refa hupuliza filimbi, na wageni, pamoja na refa mwenyewe, hukimbilia gatini. Aliyechelewa hulala kisiwani.

"Kwa hiyo honi ikilia, basi?" Mijo aliuliza.

"Honi ikilia, basi. Vueni viatu mkimbie."

Aliyasema hayo kwa ukarimu, na kila neno lilikuwa la kweli.

Mchezo ulikuwa mgumu. Kamenjar walifunga kwa kona, Tonči akasawazisha kwa kichwa kabla ya mapumziko, na kipindi cha pili kikawa cha kusukumana, jasho na matusi. Wazee wa kisiwa, waliokaa juu ya ukuta wa mawe, walimuuliza beki wa kushoto wa Kamenjar kama amewaacha kondoo wake na nani. Naye aliwajibu kwamba amewaacha na wake zao, na wazee wakampigia makofi kwa jibu hilo.

Zilipobaki dakika nne, honi ililia.

Ilikuwa honi moja, ndefu, ya kutoka mlangoni mwa bandari. Uwanjani bahari haionekani kwa sababu ya misonobari, lakini hakukuwa na mtu wa Trstovo aliyegeuza hata shingo. Kivuko kilikuwa ndiyo kwanza kinaingia, kimechelewa dakika chache, na mashua fulani ya watalii ilikuwa imekatiza mbele yake. Honi ya kuondoka ni nyingine: moja ndefu, kisha mbili fupi. Mtoto wa Trstovo huijua kabla hajajua kuhesabu.

Watu wa Kamenjar hawakuijua. Kipa wao aliinua mikono juu kwa furaha, akageuka kuchukua taulo lake nyuma ya goli. Beki wa kati aliinama kufungua kamba za viatu. Wawili walikumbatiana. Tonči, ambaye mpira ulikuwa miguuni mwake, alitazama kulia, akatazama kushoto, akakimbia mita ishirini bila kuguswa na mtu, akautia wavuni.

Refa, Stipan Radoš, mwalimu wa hesabu kutoka mji wa Split, alionyesha katikati ya uwanja. Palepale Kamenjar wote wakamzunguka.

"Refa, mpira umekwisha! Honi imelia!"

"Mimi nimepuliza filimbi?"

"Honi, bwana! Honi!"

"Mimi siendeshwi na honi. Sikupuliza. Bao ni halali."

Mijo hakwenda kwa refa. Aliukata uwanja moja kwa moja hadi kwa Jerko, akasimama mbele yake akihema. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomchoma Jerko.

"Uliniambia honi ikilia, basi."

"Nilikuambia."

"Sasa?"

"Hiyo siyo yenyewe. Hiyo ni ya kuingia. Ya kuondoka ni ndefu moja na fupi mbili."

"Na hilo uliniambia?"

Jerko aligeuka kutazama upande wa bandari. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameitikia honi hizo kwa mikono yake. Zilimwingia kama sauti ya mkewe jikoni. Haikumpitikia kamwe kwamba ziko nchi ambazo watu wamekua, wakaoa na kuzeeka bila kusikia hata moja. Alikuwa amewapa wageni nusu ya habari akidhani amewapa yote.

Refa alifika na daftari lake. "Mjomba Jerko, mchezo nimeusimamisha, saa nimeisimamisha. Kisheria bao lipo na litabaki. Lakini lazima niandike kilichotokea. Uliwaambia wasimame honi ikilia?"

"Niliwaambia."

"Ya aina gani, hukusema?"

"Sikusema."

Stipan aliandika. "Basi. Wataanza mpira katikati. Zimebaki dakika tatu na nusu."

Ukutani wazee walikuwa wakiimba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wao kuimba wakiwa hawajalewa. Jerko aliwasikia, akaitazama timu yake iliyokuwa inambeba Tonči mabegani, na kwa kitambo hicho alikuwa mtu wa daraja la juu. Kisha akaenda hadi kwenye mstari alioupiga mwenyewe, akaita.

"Pave! Wote! Njooni."

Walikuja wakicheka.

"Wakianza mpira, tunawaachia wafunge. Hakuna wa kuukaba. Pave, toka golini."

Kicheko kilikatika.

"Mjomba, unaumwa?" Pave aliuliza.

"Mimi niliwaambia wasimame. Wamesimama."

"Refa kasema halali!" Tonči alisema. "Halali, umesikia? Kosa ni lao. Masikio wanayo!"

"Masikio wanayo, Tonči. Honi hawana."

"Miaka mingapi tunaingoja hii? Wewe mwenyewe miaka mingapi?"

"Arobaini na miwili."

"Na unaitupa!"

"Ninawarudishia nilichowanyang'anya mimi. Baada ya hapo tuna dakika tatu. Funga jingine."

Mpira ulianzishwa. Mshambuliaji wa Kamenjar alitembea nao polepole kama mtu anayepita katika nyumba ya wenyewe, na wachezaji wa Galeb walisimama, mikono viunoni, wakitazama chini. Tonči peke yake alisimama katika njia yake. Wakatazamana. Halafu Tonči akatema mate pembeni, akatoka nje ya mstari, akapita katikati ya wazee, akateremka kwa njia ya misonobari. Mpira uliviringika ukaingia golini. Mabao mawili kwa mawili.

Dakika zilizobaki Galeb walishambulia wakiwa kumi, na mara moja tarishi alipiga mwamba. Wazee hawakuimba tena. Kisha kutoka bandarini ikaja honi, ndefu moja, fupi mbili, na kipa wa Kamenjar, aliyekuwa ameukumbatia mpira kwa nguvu zake zote, akamgeukia Pave kwa woga.

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe," Pave alisema. "Kimbia, Mungu akulaani."

Mijo alikuwa wa mwisho kuondoka. Alimpa Jerko mkono, akaushikilia.

"Sikufichi. Mimi nisingefanya hivyo."

"Kimbia, kaka. Kivuko hakingoji."

"Na kule kwetu, kocha angelifanya hivyo, wangemzika usiku huohuo."

"Huku udongo ni kidogo," Jerko alisema. "Mawe matupu."

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu. Kwenye duka la mikate watu walimsalimu kwa adabu, na adabu ile ilikuwa mbaya kuliko matusi. Baadhi walisema ni mtu mwungwana. Wengi zaidi walisema jambo jingine, na Antica ndiye aliyelileta nyumbani, pamoja na kabeji.

"Wanasema uliogopa. Wanasema ulisoma ile barua, ukaona mambo ni mazito, ukatafuta mlango wa kutokea."

Jerko alikuwa akisafisha samaki, akaendelea kusafisha. Kwa kweli hilo ndilo alilokuwa akijiuliza mwenyewe tangu Jumapili. Alijaribu kukumbuka kama pale kwenye mstari wa chokaa, Stipan alipofunga daftari lake, ile barua ilimpitikia akilini. Siku ya kwanza alikumbuka kwa hakika kwamba haikumpitikia. Siku ya tatu hakuwa na hakika. Alikuwa mtu aliyependa mambo yenye kingo zilizonyooka, na hili halikuwa na kingo.

Alhamisi Tonči alikuja. Hakuketi hadi alipoambiwa. Alikuja kuchukua fomu ya kuachiliwa, ambayo bila sahihi ya katibu mchezaji hawezi kwenda popote, na wako makatibu wanaoikalia miezi mizima ili kumkomoa mtu. Jerko aliitoa mtotoni mwa meza. Ilikuwa imekwisha kujazwa, ina muhuri na sahihi, tarehe ya Jumatatu.

Tonči aliisoma mara mbili akitafuta hila.

"Hata hukunibembeleza."

"Ulisema tusipopanda utaondoka. Hatukupanda."

"Niambie kitu kimoja, Mjomba. Ukweli lakini. Uliogopa kupanda?"

"Niliogopa," Jerko alisema. "Tangu Machi. Kila usiku."

"Kwa hiyo wanasema kweli."

"Kwamba niliogopa, kweli. Kwamba ndiyo sababu..." Alinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja. "Sijui, Tonči. Nimelitafuta jibu nikalikosa. Ninachojua ni kwamba hata kama nisingeogopa, bado wale watu wangekuwa wamesimama kwa neno langu."

Antica aliwawekea jibini na mvinyo, akarudi jikoni bila kufunga mlango.

"Mimi ningeliacha lile bao libaki," Tonči alisema mwishowe.

"Najua."

"Na nisingejuta."

"Hilo silijui, wala wewe hulijui."

Tonči alichukua kalamu, akaiweka. "Mbele atacheza nani?"

"Tarishi."

"Yule? Ana miaka arobaini na mmoja! Akikimbia mpaka posta anapumzika mara mbili!"

"Alipiga mwamba."

"Alijikwaa, Mjomba! Alijikwaa, mpira ukampiga gotini!"

Jikoni Antica alicheka kwa sauti, na Tonči, ambaye tangu Jumapili hakuwa amecheka, alijizuia kidogo kisha akashindwa. Alitia sahihi mahali pake, akaikunja fomu vizuri, akaitia mfukoni. Kisha, akiwa amekwisha kusimama, akauliza mazoezi ya Jumanne yanaanza saa ngapi, maana kule bara hawakumhitaji hadi Agosti, na huyo tarishi lazima apate mtu wa kumfundisha.