Kompyuta zimefungiwa huku wanafunzi wangu wanapasua chura ambaye hajafa

Wakuu, mwakeye! Ndivyo tunavyosalimiana huku Kigoma.

Ninachoandika nimekiona kwa macho yangu, sijasimuliwa. Jina la binti nimebadilisha, na shule siitaji kwa sababu bado natafutia ugali palepale.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia, form five na six, shule ya wasichana pande za Ujiji. Kwa wasiojua, form six lazima ajue kumpasua chura aonyeshe moyo, ini, utumbo na mishipa. Hilo sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni namna tunavyolifanya.

Kwetu kila mwanafunzi anakuja na chura wake. Wanashuka bondeni kwenye mashamba ya mpunga, wanarudi na ndoo zimejaa. Tunawaua kwa klorofomu, ndipo wanapasuliwa.

Sasa klorofomu ikakaribia kuisha. Nikaripoti. Mkuu wa shule akasema, "Gawanya hiyo iliyobaki."

Nikagawanya. Hapo nakiri kosa langu, wakuu. Nilitakiwa kugoma siku ileile.

Katikati ya practical nikasikia kelele. Chura wa Ashura, miguu yote minne imebanwa na pini, tumbo liko wazi, ameanza kuvuta miguu. Koo linapanda na kushuka.

Ashura akaweka wembe chini, akavua glavu, akatoka nje. Hakulia. Nilimmaliza yule chura mimi mwenyewe, kisha nikamfuata.

"Ashura, rudi. Ameshakufa."

"Mwalimu, mimi kwetu Ilagala. Samaki nimeanza kupasua kabla sijaanza shule, damu siiogopi. Lakini yule alikuwa ananiangalia."



Kesho yake akaandika barua, ya adabu kabisa, kwamba yuko tayari kupasua mnyama yeyote ila ahakikishiwe kwanza kuwa amekufa.

Mkuu akaisoma paredi, shule nzima inacheka. "Tuna daktari mtarajiwa hapa, anamlilia chura!" Halafu akamsimamisha wiki mbili kwa kosa la kugomea masomo. Form six huyo, mtihani uko mlangoni!

Mama yake, muuza dagaa, akaja mbio kutoka Ilagala. "Mkuu, mwanangu kakosa nini?" Akajibiwa akamfundishe binti yake nidhamu kwanza. Yule mama alitoka ofisini anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Iliniuma sana.

Linalonichoma zaidi ni hili. Shule hiyohiyo ina chumba cha kompyuta. Nzima, za msaada, zimefunikwa vitambaa. Ufunguo anakaa nao mkuu, na chumba kinafunguliwa wakija wageni tu.

Nikatafuta programu ya kumpasua chura kwenye skrini. Unakata ngozi, unafunua misuli, ukikosea unarudia. Ukishaipakua haitaki hata bando. Nikaenda kwa mkuu kuomba chumba.

"Yaani kompyuta za watu zichezewe katuni za vyura?"

Nikaambulia barua ya onyo, eti natetea utovu wa nidhamu.

Sikukaa kimya. Nikachukua laptop yangu, nikaazima projekta kanisani, tukawa tunakutana darasani kila Jumamosi. Ashura alipomaliza adhabu akaja kukaa mbele. Walirudia ule upasuaji mpaka wakawa wananisahihisha mimi.

Mwalimu mwenzangu wa Mwandiga akanisaidia klorofomu. Badala ya ndoo nzima ya vyura, safari hii kila kundi la watu watano lilipasua mmoja, na kila mmoja nilimhakiki mwenyewe kuwa amekufa. Ashura ndiye aliyeshika wembe kwenye kundi lake. Hakukata mshipa hata mmoja. Kwenye practical ya taifa alitoka ameridhika, anacheka.

Mnadhani yameisha?

Wakaja wakaguzi. Asubuhi hiyo mkuu ananipigia, sauti tamu: "Mwalimu wangu, ile programu ya chura iweke kwenye kompyuta zote."

Nikaweka. Wakaguzi wakafurahi, wakapiga picha. Mkuu akatamba kwamba huo ni ubunifu wa uongozi wake. Mimi nimesimama ukutani na onyo langu kwenye faili. Gari lao lilipotoka getini tu, akafunga chumba.

Nimemwandikia rasmi, nakala kwa afisa elimu: chumba kiingie kwenye ratiba, onyo lifutwe, na Ashura na mama yake waombwe radhi. Hii ni wiki ya tatu, kimya. Form five nao wameshaambiwa waanze kutafuta vyura.

Nilichojifunza ni kwamba mwanafunzi akikwambia kwa adabu "hiki si sawa", usikimbilie kumuita mkaidi. Siku ile yeye ndiye aliyekuwa anafanya Baiolojia. Sisi wengine tulikuwa tunatii amri tu, mimi nikiwemo.

Walimu, wazazi, madaktari mliomo humu, kwenu inakuwaje? Na wale wa "mbona sisi tulipasua na hatukufa", karibuni pia, ila mkifika mseme mlichojifunza.