Tawi Nililolihamisha kwa Hofu

Mwanangu, siku moja ya ujana wangu hainitoki, na leo naikumbuka kwa shukrani kuliko aibu.

Ilikuwa wakati Wabelgiji wakitutawala, miaka ya hamsini. Nilikuwa msichana wa kijiji cha Kingi, ndiyo kwanza nimepewa kazi ya kuongoza wapagazi katika milima ya kuelekea Walikale. Aliyenichukua kazini ni Papa Bahati, mzee mwindaji wa kijiji cha Kashebere. Shule sikuiona, kila njia niliikariri peke yangu, na kukosea niliogopa kuliko chui.

Desturi yetu ilikuwa hii: anayetangulia, akifika njia panda, hulaza tawi bichi kwenye njia mbaya. Wa nyuma wakiliona, wanajua pamefungwa.

Siku hiyo ukungu ulishuka. Niliweka tawi, tukapita. Mbele kidogo moyo ukaanza kunisumbua: je, nimeliweka sawa? Nikamdanganya Papa Bahati kwamba nimeangusha kitambaa, nikarudi mbio, nikalihamisha. Kumbe mwanzo lilikuwa sawa. Sasa nimefunga njia njema na kuacha wazi ile ya korongoni.

Kileleni tukangoja. Wapagazi sita wa nyuma hawakufika.

"Balipotelea wapi?" Papa Bahati akauliza.

Hapo nikajua kosa langu. Nikisema, kazi imekwisha, na hakuna atakayemwacha mwanamke atangulie tena. Nikinyamaza, wenzangu wanateremkia korongoni, na mvua hiyo inakuja.

"Papa, ni miye. Nilihamisha tawi."

Alinyanyua panga lake. "Mulima haikukuomba usikosee, mutoto. Inaomba useme mbio. Twende!"

Tuliteremka tukiita mpaka wakaitika. Walikuwa ukingoni kabisa mwa mto wa korongoni, wamekalia mizigo yao. Mmoja wao, Dada Riziki wa Mushaki, alicheka akijitwisha mzigo wake: "Dada kiongozi, ulitutuma tuoge ao nini?"

Kesho yake asubuhi Papa Bahati alinipa panga lake mbele ya wote. "Tangulia," akasema, basi. Nimetangulia miaka mingi tangu hapo, hata kwenye vilele vya baridi kali, na kila njia panda nimemshukuru mzee yule.

Kwa hiyo, mwanangu unayefuta daftari mpaka linatoboka: fanya kazi yako vizuri, iangalie mara moja, uiache. Ukikosea, sema mapema, maana wa nyuma wanakuamini. Mungu akupe magoti yasiyochoka, na siku ya kosa lako akupe mtu wa kukuambia: tangulia.