Kome wa Maua Tumboni mwa Rukia

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kwanza wekeni simu chini. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu yake mnyama wa kale wa Australia, mkubwa kama fahali, mama akibeba mtoto wake katika mfuko wa ngozi tumboni. Akaniuliza, "Bibi, huogopi?" Nimwogope wa nini? Huyo keshakufa, mifupa imegeuka mawe. Niliyemwogopa mimi alikuwa akienea kiganjani, na hata leo nikinusa mwani uliochomwa na jua kwenye mwamba wa Kizingo, maji yakiwa yamekupwa, huishika leso yangu mbali na tumbo.

Nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu Rukia sita. Msimu ule wa kaskazi, kila maji yakikauka sana, tulitoka nyumbani Mji wa Kale kuwafuata wanawake waliokwenda kuchokoa pweza kwa vyuma. Sisi tuliokota makome ya kuchezea. Vikapu hatukuwa navyo; kila tulichopata tulikifunga kwenye pindo la leso, kiunoni kwa mbele, kama tulivyowaona mama zetu. Siku moja nikapata kome chini ya jiwe, umbo lake kama karatasi iliyosokotwa ya kuuzia njugu, laini, ana madoa ya kahawia kama maua ya kitambaa. Nikamchungulia mdomoni, nikaona giza, nikasema huyu mtupu. Leso yangu ilikuwa imejaa, nikamfunga kwenye ya Rukia.

Tulipokuwa tukipanda kurudi, Rukia akaanza kucheka. "Dada, ananitekenya." Nikamwambia aache upuuzi. Nyuma yetu alikuwa Bi Zuhura, jirani yetu, na pweza wake begani. Akasimama.

"Nani anakutekenya?"

"Kome, bibi. Wa maua."

Bi Zuhura alimtupa pweza mchangani. Sijawahi kuona mtu wa pwani akimtupa pweza. "Usicheke, usisogee, wala tumbo usilitoe!" Akalivuta lile pindo mbali na mwili kwa ncha za vidole, akalifungua, kome akaanguka. Akamgusa kwa chuma chake. Kwenye ncha nyembamba ukatoka mrija mweupe, ukawa unapapasa kile chuma kama unaotafuta mahali. "Mtupu, eh?" akaniambia. "Macho umepewa ya kupakia wanja tu? Huyu ana mwiba wa sumu. Mwenzake alimchoma mwana wa dada yangu, ulimi ukamlemea, hakufika hospitali."

Tukainua gauni la Rukia. Chini ya kitovu palikuwa na doa jekundu.

Huenda lilikuwa la mbu. Hatukujua. Tulimbeba mbio hadi kivulini, mama alikokuwa akipumzika na wenzake, mtu akatumwa kutafuta gari, na Bi Zuhura akamwamuru Rukia asome sura ya Alhamdu, tena na tena, ili sote tusikie ulimi wake. Kwenye chuo cha Kurani Rukia alikuwa hafiki mwisho bila kukosea. Siku ile alisoma, nami nikiihesabu kila herufi, nikiahidi ndani ya moyo sitamchapa tena. Gari lilipofika alikuwa keshasoma mara zisizo na idadi, akasema, "Nimechoka. Nataka mkate wa mofa." Mama akaketi chini pale pale, akacheka huku analia, kisha akanizaba kofi moja. Nililipokea kwa furaha.

Rukia leo yuko Ganjoni, bibi wa watu, analalamika magoti na hanyamazi. Mwacheni aseme. Mjukuu wangu amenisomea kwamba hata sasa sumu ile haina dawa yake. Hospitali wanakusaidia kupumua tu mpaka mwili ushinde wenyewe. Anajua yote hayo, na juzi amerudi kutoka pwani na kome mfukoni mwa suruali! Kome mwenyewe alikuwa mtupu kweli, ana tundu na vumbi ndani. Nikamrudisha hadi Kizingo kwa miguu, jua la saa nane, akamweke alipomtoa. Jioni nikawakusanya wote, wakwe na wajukuu, nikawaambia: kutoka pwani, kizingiti changu kinavukwa na cha kuliwa peke yake, nacho kiwe kimekwisha kufa.