Kobayi wa Mtoto wa Askari

Juzi, hapa Butembo, mtoto wa jirani aliniomba nimtunzie kobayi wake wakati familia yao inakwenda Luofu kwenye matanga. Nilikataa. Alishangaa, maana anajua mimi si mtu wa kukataa. Wewe acha nikueleze.

Kama hujawahi kuishi nao, kobayi ni wanyama wadogo wasio na mkia, na kwetu hufugwa jikoni. Nyumbani Beni, utotoni mwangu, walikaa nyuma ya mafiga, wakipiga kelele kama miluzi kila waliposikia majani yakikatwa. Rafiki yangu, msichana wa nyumba ya pili, alikuwa nao watatu. Baba yake alikuwa askari aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, na watoto wa mtaa, waliomwita askari yeyote «soda», hawakumwacha rafiki yangu apumue: «Mutoto wa soda, leo baba yako alikula mbuzi ya nani?» Mimi nilimtetea. Kwa hiyo mapigano yalipokaribia na mama yake akamkimbiza Butembo, kobayi aliniachia mimi.

«Unichungie bao bakobayi,» alisema. «Nitarudia.»

Sisi tulibaki. Kwenda shambani kulikuwa kujitafutia kifo, unga ukaisha, na nyanya yangu akawachinja mmoja mmoja. Nilikula. Mchuzi ulikuwa mtamu, siwezi kukuficha.

Rafiki yangu aliporudi aliingia jikoni kwetu mbio, amekumbatia majani ya viazi vitamu. Nikasema haraka: «Basoda balibakula.» Nyanya alisikia, akaendelea kupepeta maharage.

Kesho yake aliniletea kopo la samaki kutoka posho ya baba yake.

«Nilimuuliza baba. Anakataa, anasema si basoda. Lakini miye nakuamini weye. Pardon, rafiki yangu.»

Samaki tuliwala pamoja.

Tangu hapo hakumsalimia tena baba yake. Asubuhi moja gari la jeshi lilikuja kumchukua baba huyo kwenda vitani. Alisimama uani, mzigo mgongoni, akimwita bintiye mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Binti alikuwa kwetu, nyuma ya mlango, ameushika mkono wangu. «Aende tu,» alininong'oneza. Neno moja langu lingetosha. Nilisikia gari likiondoka.

Baba yule hakurudi. Mama alifunga mizigo, akawarudisha watoto kwao.

Siku hizi mtaa ule umejaa watu nisiowajua, nyanya amekufa, na mahali pa jiko letu pameota nyasi. Mahali fulani katika nchi hii kubwa kuna mwanamke mzima anayeamini kwamba baba yake alimdanganya. Mtu pekee anayeweza kumwambia ukweli hajui pa kumtafuta.