Kitanda Ambacho Sikukilalia

Nakumbuka mchana mmoja hapa Gisozi, mwanangu, na laiti ningeweza kuusahau. Nilikuwa seremala kijana, ndevu hazijajaa, majivuno yamejaa. Fundi mkuu wetu, mzee Silivani, aliyekulia Burundi, alikuwa na desturi moja: kitanda cha ghorofa hakitoki karakanani kabla aliyekitengeneza hajapanda juu, akalala na kujigeuza mara tatu.

Desturi hiyo aliitoa msituni, alikowahi kuongoza wageni. Alituambia kwamba kila jioni sokwe hukunja matawi ya kulalia, akajilaza, akainuka kukaza lililolegea, ndipo akalala. Hata wazee wetu wa kale kabisa, ambao hawakujua ukuta wala moto, walilala mitini. "Chini iko chui," alikuwa akisema, "juu iko kuanguka. Mwenye alipona ni ule alijaribu tawi yake."

Mimi niliona haya. Karakana ilikuwa kando ya barabara, na wasichana wauza vitambaa wa ng'ambo ya pili walimcheka kila fundi aliyejilaza mchana kweupe. Siku hiyo mzee alikuwa ameenda kutafuta mbao. Nikapigilia chaga za juu kwa misumari mifupi, nikapaka vanishi, nikamkabidhi kitanda mama mmoja mjane. Sikupanda.

Baada ya juma moja mama yule alirudi na chaga mbili mkononi. Binti yake Klodine, wa miaka tisa, alikuwa ameanguka nazo, nyonga ikavunjika.

Mzee hakufoka. Aliniuliza tu, "Ulilala juu yake?"

"Hapana, mzee. Niliona haya."

"Haya ya nani? Sokwe tunamucheka, lakini hawezi kulalisha mutoto yake kwa tawi yenye hajajaribu."

Klodine sasa ni mtu mzima, anatembea kwa gongo. Jumapili akitoka misa hunisalimia kwa adabu. Afadhali angenitukana.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walisema nusu, mwanangu. Mimi sikusikia, na guu lililovunjika ni la mtoto wa watu. Basi chochote utakachomtengenezea mwenzio, kitwishe uzito wako kwanza, hata mtaa mzima ukikucheka. Kicheko huisha jioni ileile.

Mungu akubariki, akujalie uzee wenye usingizi. Mimi wangu hauna.