Sauti Niliyojaribia Mashine

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana huko mbele hutapata nafasi. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, fundi redio wa mtaa wa Gerezani, saa kumi jioni, akili zangu timamu. Na pombe sinywi.

Mke wangu, Mama Neema, alifariki binti yetu akiwa na mwaka mmoja. Neema hamkumbuki hata kidogo. Alichobakiwa nacho cha mama yake ni sauti ya dakika nne, niliyoirekodi siku moja ya mvua mama akipika vitumbua. Nasikika nikimwambia, "Sema chochote, najaribu mashine." Naye anacheka: "Niseme nini, Baba Neema? Wewe na mashine zako!" Kisha anamwimbia mtoto. Basi, ni hayo tu. Kila siku Neema alilala akiisikiliza kwenye simu yangu kuukuu, spika yake ikikwaruza.

Nikajiapiza kumpa mwanangu mama anayesikika vizuri. Sabufa za taa za disko sitaki hata kuziona, zile ni kelele tu. Nilikusanya vitu taratibu: spika mbili za mbao, na amplifaya ya zamani niliyoifufua kwa mkono wangu. Kilibaki kidude kimoja, kile kinachosoma flashi na kugeuza namba zilizomo kuwa sauti. Watu wanakidharau, lakini kikiwa cha hovyo, spika zote nzuri ni kazi bure. Siku tatu nilizunguka Kariakoo nikichagua. Hiki kinakwaruza, kile kinameza pumzi ya mwimbaji, kingine boksi maridadi na ndani takataka.

Siku ya nne mvua ilinikimbiza, nikaingia kwenye jengo moja mtaa wa nyuma na kupanda ngazi. Juu nikakuta fremu ya duka imejaa mashine ambazo hata sisi mafundi tunaziona kwenye picha tu. Jambo la kwanza lililonishangaza ni ukimya. Kariakoo, saa kumi, na husikii hata honi! Hilo lingetosha kunirudisha chini, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mashine.

Muuzaji alikuwa kijana mdogo, shati jeupe, ila sauti yake ilikuwa ya mzee wa miaka themanini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umejuaje mimi ni fundi?"

"Unaangalia nyuma ya mashine kabla ya mbele."

Nikacheka. Bei tulielewana bila kuvutana, jambo ambalo Kariakoo halipo, na hapo pia sikushtuka. Akaweka muziki wa dansi ili nijaribu. Nikamkatalia. Unajua, fundi hajaribu mashine kwa wimbo asioujua. Anajaribu kwa sauti anayoijua kwa moyo, ili kikikosekana kitu akisikie. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyojimaliza.

"Una sauti unayoijua kuliko zote?" akaniuliza.

Nikampa flashi niliyoiwekea zile dakika nne za mke wangu.

Niamini, nilimsikia mke wangu akivuta pumzi kabla ya kucheka. Nikasikia bangili zake zikigonga kikaango. Miaka yote nimeisikiliza sauti ile na bangili sikuwahi kuzisikia! Nililia pale pale, mtu mzima, mbele ya mtu nisiyemjua. Kijana alikuwa amefumba macho, midomo yake ikifuatisha kila neno la mke wangu. Nikadhani imemgusa.

Akafunga boksi, akanirudishia flashi. Nilipofika mlangoni akaniaga.

"Karibu tena, Baba Neema."

Ilikuwa sauti ya mke wangu. Si ya kufanana nayo, ni yake, pamoja na kile kicheko cha mwishoni. Jina hilo alilisikia kwenye flashi, lakini sauti aliitoa wapi? Ngazi zile sijui nilizishukaje.

Nyumbani Magomeni niliunganisha mashine, Neema amekaa mkekani anasubiri. Mvua ikasikika. Mafuta yakachemka. "Sema chochote, najaribu mashine." Baada ya hapo, mvua tu. Bangili zipo, kikaango kipo, mama hayupo. Nikachukua simu, hayupo. Dada yangu ana nakala kwenye kompyuta yake. Nikampigia afungue, na kwake pia ikawa mvua tupu. Neema akaniuliza, "Mama kaenda wapi?" Wewe ungemjibu nini?

Kesho yake nilirudi. Ngazi ni zile zile, fremu ni ile ile, ila ndani sufuria mpaka darini. Mwenye duka, mama mmoja wa Kilimanjaro, aliniangalia kwa huruma. "Baba, mimi hapa nimezeekea. Sijawahi kuuza redio."

Ilipita miezi, sauti ile ikaanza kumtoka Neema akilini. Mwezi uliopita nikampeleka Neema Kariakoo kununua viatu vya shule. Unawajua wamachinga wanaotangaza biashara kwa spika iliyorekodiwa? Mmoja alikuwa kaweka yake juu ya ndoo, inarudia bila kuchoka: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, karibu mteja. Nikasogea karibu. Ni mke wangu, na kicheko chake.

Nikamuuliza yule mmachinga ni nani kamrekodia. "Kuna dogo yupo ghorofani huko, mzee. Ana sauti kibao, unachagua tu." Ghorofa lipi, hakumbuki. Nikairekodi kwa simu yangu. Nyumbani ikatoa honi na makelele ya watu.

Sasa kila Jumamosi naenda kusimama karibu na ile ndoo. Sina pengine pa kumsikia. Kwa hiyo wewe unayetafuta mashine nzuri, nakusihi, ijaribu kwa wimbo wowote wa redioni. Sauti ya marehemu wako iache nyumbani, hata kama inakwaruza. Ile ya kukwaruza ningeipata leo, ningeipigia magoti.

Siku ile ya viatu Neema alinivuta mkono. "Baba, mbona unalia? Huyo anayeongea ni nani?"

Nikamwambia ni tangazo tu.